KUCHEUA SI UGONJWA: UJI MPE MAMA, ZIWA MPE MTOTO

Leo ukurasa wa afya unazungumza na wazazi wenye mtoto mchanga. Unazungumza na mama na baba. Unazungumza pia na bibi, mama mkwe, shangazi na majirani wanaokuja kumwona mtoto. Sote tunahusika. Mtoto mchanga hawezi kujisemea. Sisi ndio tunaomsemea, na mara nyingine tunamsemea vibaya.

Jambo lenyewe ni hili. Mtoto amenyonya, ameshiba. Mara maziwa yanamtoka mdomoni na kumwagika juu ya kanga ya mama. Yameganda kama mtindi. Yana harufu ya uchachu. Hapo maneno huanza.

MANENO YANAYOMZUNGUKA MAMA

Ulyankulu ni mahali pa watu wengi. Wako Wanyamwezi, Wasukuma na Waha. Wako pia ndugu waliokimbia Burundi tangu mwaka 1972, na watoto na wajukuu wao waliozaliwa hapa. Kila watu walikuja na desturi zao za kulea. Nyingi ni njema. Lakini kuna jambo moja ambalo karibu wote hulifanya. Mtoto akicheua, mama ndiye hulaumiwa.

Mmoja husema, "Maziwa yako ni mepesi." Mwingine husema, "Maziwa yamechachia kifuani kwa sababu ya jua la shambani." Mwingine husema mtoto ana mchango. Na mwingine hunong'ona nyuma ya nyumba kwamba wazazi wamembemenda mtoto.

Kisha huletwa vitu vya kumpa mtoto. Huletwa maji ya moto yaliyopozwa. Huletwa uji mwepesi, na maji ya mizizi. Hununuliwa dawa ya chupa ya kutuliza tumbo dukani.

Mama anasikia yote hayo. Pengine huyu ni mtoto wake wa kwanza. Mwili unamuuma. Hajalala usiku. Anaogopa mtoto wake asife. Basi anakubali.

Sasa tuangalie kinachofuata. Tumbo la mtoto ni dogo sana. Likijazwa maji au uji, mtoto hana njaa tena. Ananyonya kidogo. Ziwa nalo lina kawaida yake: likinyonywa sana hutengeneza maziwa mengi, likinyonywa kidogo hutengeneza machache. Baada ya siku chache maziwa yanapungua kweli. Wale waliosema maziwa hayatoshi wanasema, "Si tulikuambia?"

Ndugu msomaji, hawakutabiri kitu. Wao wenyewe ndio waliopunguza maziwa hayo.

Halafu maji yale ya kisima na kikombe kile huleta kuharisha. Mtoto aliyekuwa akicheua tu, mzima kabisa, sasa ni mgonjwa. Hapo ndipo hatari ilipo. Kucheua peke yake si hatari. Hatari ni vitu tunavyomlisha mtoto ili aache kucheua.

Maoni ya ukurasa huu ni wazi. Mtoto akicheua, usibadilishe chakula chake. Badilisha namna ya kumshika na kumnyonyesha. Na mpunguzie mama mzigo. Kama kuna uji nyumbani, mpe mama anywe. Mtoto mpe ziwa.

KUCHEUA NI NINI?

Chakula hupita kooni, kikaingia tumboni. Mahali kinapoingilia pana msuli unaojifunga kama kizibo. Kwa mtu mzima kizibo hicho kinabana vizuri. Kwa mtoto mchanga bado kimelegea.

Fikiri kibuyu kidogo chenye kizibo kilicholegea. Ukikijaza maziwa na kukilaza, yatamwagika. Je, maziwa yana kosa? Hapana. Je, kibuyu kimetoboka? Hapana. Ni kizibo tu ambacho hakijakaza.

Na kwa nini maziwa yanayorudi yameganda? Ni kwa sababu tumbo lilikwisha kuanza kuyasaga. Hiyo ni kazi yake. Maziwa hayakuchachia katika ziwa la mama. Ziwa si chungu cha mtindi. Maziwa yaliyomo ndani yake hayaharibiki, hata mama akishinda juani.

Watoto wengi hucheua. Karibu nusu ya watoto walio chini ya miezi 3 hucheua walau mara moja kila siku. Wengi huzidisha wanapofika miezi 4 hivi. Mtoto akianza kukaa mwenyewe, kucheua hupungua. Akifika mwaka 1, wengi wameacha kabisa. Hawakuponywa na dawa. Kizibo kimekaza tu.

Tofautisha mambo mawili. Kucheua ni maziwa kutoka polepole, bila nguvu, na mtoto hana habari. Anaweza hata kucheka. Kutapika ni jambo jingine. Anayetapika hutumia nguvu, tumbo linajikaza, na mtoto anateseka. Kutapika tutakueleza mbele.

JARIBU HILI NYUMBANI

Mama wengi husema, "Mtoto amerudisha yote aliyonyonya." Hebu jaribu. Chukua kanga kavu. Mwaga juu yake vijiko viwili vya chai vya maji. Tazama jinsi kanga inavyolowa. Alama ni kubwa kuliko kiganja cha mkono. Lakini ni vijiko viwili tu!

Basi ukiona kanga imelowa, usidhani tumbo la mtoto limebaki tupu. Mara nyingi kilichotoka ni kidogo, na kilichobaki ni kingi.

UTAJUAJE KWAMBA MAZIWA YANATOSHA?

Usipime maziwa kwa macho. Usiyapime kwa ukubwa wa ziwa. Usiyapime kwa kilio cha mtoto, maana mtoto hulia pia kwa joto, kwa baridi na kwa kutaka kubebwa. Mpime mtoto mwenyewe.

Kwanza, tazama mkojo. Kuanzia siku ya 5 hivi, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara 6 au zaidi kwa usiku na mchana. Mkojo wake ni mweupe, hauna harufu kali.

Pili, tazama uzito. Mtoto hupungua kidogo siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Usishtuke. Aliyezaliwa na kilo 3 anaweza kupungua gramu 200 hivi. Kufika wiki ya 2 awe ameurudia uzito wake wa kuzaliwa. Baada ya hapo aendelee kupanda. Kufika mwezi wa 5 au wa 6, watoto wengi uzito wao huwa mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Aliyeanza na kilo 3 huwa na kilo 6.

Ndiyo maana kliniki ni muhimu. Kila mwezi peleka mtoto apimwe. Tazama mstari katika kadi yake. Wewe sasa unajua kusoma, basi usingoje kusomewa. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Mtoto anayecheua huku mstari unapanda hana shida ya maziwa. Mstari ukilala au ukishuka, muulize mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

MAZIWA YA KWANZA YASIMWAGWE

Siku za kwanza ziwa hutoa maziwa mazito ya rangi ya manjano. Kwa Kiswahili huitwa dang'a. Wako watu wanaoyakamua na kuyamwaga. Husema ni machafu, kwamba ndiyo yanayomfanya mtoto atapike.

Hilo ni kosa kubwa. Dang'a ni kinga ya kwanza ya mtoto. Humkinga na magonjwa. Pia husaidia kutoa kinyesi cheusi cha mwanzo. Ni kidogo, kwa sababu tumbo la mtoto wa siku moja halihitaji kingi. Kijiko kimoja cha chai kwa mara moja kinamtosha. Mpe mtoto ziwa katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Usimlambishe asali, sukari wala maji kwanza. Nchi ya Tabora ina asali nzuri, lakini asali si ya mtoto aliye chini ya mwaka 1. Inaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kupigana navyo.

JE, MTOTO HASIKII KIU?

Mwezi wa Septemba na Oktoba jua la Ulyankulu ni kali. Watu huuliza, "Sisi tunakunywa maji, mtoto je?"

Jibu ni hili. Katika vikombe 10 vya maziwa ya mama, karibu vikombe 9 ni maji. Ni maji safi, yenye joto linalofaa, na hayahitaji kuni wala sufuria. Mtoto akiwa na kiu, mnyonyeshe. Mama ndiye anywe maji mengi.

Jambo hili si geni katika nchi hii. Zamani njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaenda Ujiji. Katika misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi walikuwamo wanawake pia, na wengine walisafiri na watoto. Mwendo ulikuwa wa miezi. Katika safari kama hiyo chakula cha mtoto mchanga kilikuwa kifuani kwa mama yake.

MTOTO ANAPOCHEUA, FANYA HIVI

1. Mnyonyeshe kabla hajalia sana. Mtoto anayelia humeza hewa. Akianza kunyonyanyonya vidole au kugeuza kichwa akitafuta, amekwisha kukuambia. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 mpaka 12 kwa usiku na mchana.

2. Mshike vizuri. Tumbo lake liguse tumbo lako. Kichwa na mwili viwe katika mstari mmoja. Mlete mtoto kwenye ziwa, usilipeleke ziwa kwa mtoto.

3. Ngoja afungue kinywa wazi. Asishike chuchu peke yake. Ashike na sehemu nyeusi inayoizunguka. Kidevu kiguse ziwa. Ukisikia sauti ya kubwatabwata, au ukisikia maumivu, mtoe polepole uanze tena.

4. Amalize ziwa moja kwanza. Akitaka tena, mpe la pili. Usimhamishe kila mara.

5. Akimaliza, mwegemeze begani. Msuguesugue mgongoni polepole mpaka abeue. Asipobeua baada ya dakika chache, usimlazimishe.

6. Mshike wima kwa nusu saa hivi. Hii ni kazi ambayo baba anaweza kuifanya, na bibi, na dada mkubwa. Haihitaji maziwa. Inahitaji bega tu.

7. Usimfunge mgongoni kwa mbeleko mara tu baada ya kunyonya. Mbeleko hubana tumbo. Usimrushe juu wala kumtikisa. Usimfunge kitambaa wala uzi wa kubana tumboni.

8. Akilala, mlaze chali bila mto. Watu wengi huogopa kwamba atapaliwa. Lakini mtoto mzima anayelala chali akicheua humeza au hukohoa. Kumlaza kifudifudi ndiko kwenye hatari zaidi.

9. Asikae penye moshi. Usivute sigara karibu naye. Usimlaze jikoni karibu na mafiga.

Fanya haya kwa wiki moja. Pengine kucheua kutapungua. Pengine hakutapungua. Kama mtoto anakojoa vizuri na anaongezeka uzito, badilisha kanga tu.

KUHUSU KUBEMENDA

Tuseme wazi jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Baba na mama kulala pamoja hakuharibu maziwa. Mbegu za mwanamume haziingii katika ziwa. Mtoto hacheui wala hadhoofiki kwa sababu hiyo.

Hatusemi kwamba wazee walikuwa wajinga. Walikuwa na shabaha njema. Walitaka watoto wapishane, ili mama apumzike na mtoto anyonye muda wa kutosha. Mama akipata mimba haraka, mtoto wa kwanza mara nyingi huachishwa ziwa mapema, akadhoofika. Wazee waliliona hilo kwa macho yao.

Shabaha hiyo tuishike. Zahanati inatoa huduma ya uzazi wa mpango, na zipo njia zinazofaa mama anayenyonyesha. Waende wote wawili, mume na mke. Lakini mtoto akidhoofika, kumwita mama mkosaji hakumtibu. Tena mama aliyetiwa aibu huogopa kumpeleka mtoto kliniki. Atakuwa amefichwa ndani mpaka iwe kuchelewa. Basi aibu hiyo yaweza kuua.

AROBAINI YA MAMA

Wako wanaotuambia, "Sisi tunashika desturi." Vema. Basi tuzishike zote, hasa zile njema. Desturi njema mojawapo ni arobaini. Mama akijifungua hupumzika siku 40. Hupikiwa, huchotewa maji, hukandwa. Kazi yake ni kunyonyesha tu.

Je, leo tunafanya hivyo? Ulyankulu ni nchi ya tumbaku. Tumbaku haina siku ya kupumzika. Kuna kitalu, kuhamisha miche, palizi, kuchuma, kukausha na kupanga madaraja. Mama mwenye mtoto wa wiki mbili anaonekana shambani. Mtoto ameachwa nyumbani na kaka yake wa miaka 7, na kikombe cha uji. Desturi ya uji tumeishika, na desturi ya mapumziko tumeiacha!

Mwanamke aliyeajiriwa ana sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Akizaa pacha, siku 100. Akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Lakini mama wa kijijini hana mwajiri. Likizo yake ataipata kwa nani? Ataipata kwa mume wake, kwa mama mkwe na kwa jirani. Sisi ndio sheria yake.

Baba, sikiliza. Shamba likikosa mikono miwili kwa siku 40, hasara hiyo utaiona. Lakini ihesabu pamoja na hasara nyingine. Mtoto akiharisha, utauza debe la mahindi kwa ajili ya nauli. Utapoteza siku za kazi hospitalini. Na unaweza kupoteza mtoto. Panga kazi mapema. Omba ndugu wasaidie. Chota maji wewe. Hakuna aliyepungukiwa uanaume kwa kubeba ndoo.

Kuna jambo jingine kuhusu tumbaku. Majani mabichi yenye umande au mvua yana sumu iitwayo nikotini. Hupenya ngozi, ikaingia mwilini. Huleta kizunguzungu na kichefuchefu, na huingia katika maziwa pia. Mama anayenyonyesha asichume majani mabichi. Kama amegusa tumbaku, anawe kwa sabuni na abadili nguo, ndipo amshike mtoto. Lakini asiache kunyonyesha.

Kama hapana budi mama aende shambani, aende na mtoto na mtu wa kumwangalia kivulini. Au akamue maziwa katika kikombe safi, ayafunike, yawekwe mahali pa baridi. Yatumike kabla ya saa 4 kwisha. Mtoto anyweshwe kwa kikombe. Chupa yenye chuchu ya mpira ni ngumu kusafisha, na wadudu hukaa ndani yake.

MAZIWA YA KOPO NA YA NG'OMBE

Mtu akikuambia mtoto anayecheua apewe maziwa ya kopo, jihadhari. Maziwa hayo yanataka maji yaliyochemshwa, vyombo safi kila mara, na fedha kila wiki. Fedha zikipungua, watu huongeza maji. Mtoto hukonda huku tumbo limejaa. Maziwa ya ng'ombe nayo si chakula cha mtoto mchanga. Ni mazito kwa tumbo na figo zake.

Dunia imekwisha kuliona tatizo hili. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia makampuni kuwashawishi mama waache ziwa. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994. Wako watoto wachache wanaohitaji maziwa mengine, kwa mfano mtoto aliyefiwa na mama. Hao wahudumiwe kwa maelekezo ya zahanati.

Na mama mwenye virusi vya UKIMWI je? Naye anaweza kunyonyesha, akitumia dawa zake za ARV kila siku bila kukosa. Mtoto naye hupewa dawa ya kinga kliniki. Mama huyu hasa asichanganye. Kwa miezi 6 ya kwanza ampe mtoto ziwa tu. Kumchanganyia uji au maji mapema huongeza hatari ya kuambukizwa.

HAPA USINGOJE

Tumesema kucheua si ugonjwa. Lakini zipo dalili za ugonjwa wa kweli. Zisome. Zikariri. Mpeleke mtoto zahanati au kituo cha afya upesi, mchana au usiku, ukiona mojawapo ya hizi:

– Matapishi ni ya kijani, au yana damu.

– Mtoto anatapika kwa nguvu, maziwa yanaruka mbali, kila anaponyonya, na anakonda. Mara nyingi hali hii huanza kati ya wiki ya 2 na ya 8. Inaweza kuwa njia ya kutokea tumboni imeziba. Hutibiwa kwa upasuaji. Hakuna mzizi wa kuifungua.

– Hataki kunyonya, au hana nguvu za kunyonya.

– Ana joto kali, au mwili ni wa baridi.

– Anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi.

– Ana degedege.

– Amelegea, haamki vizuri.

– Tumbo limevimba na ni gumu, hapati choo.

– Utosi umebonyea, au mkojo ni haba sana.

– Viganja na nyayo ni vya manjano.

Njiani endelea kumnyonyesha kama anaweza. Mkumbatie kifuani apate joto. Mtoto wa chini ya siku 28 akizidiwa, piga simu namba 115 bila malipo. Ni namba ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa mama na mtoto mchanga. Usipoteze siku 3 kwa mganga kwanza. Mtoto mchanga hana siku 3 za kupoteza.

KIJIJI KIKIAMUA, KINAWEZA

Huenda utasema, "Haya ni mambo ya nyumbani. Kijiji kinahusikaje?"

Kumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu karibu milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana. Kisha walichimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Katika mkoa wa Iringa, kuanzia mwaka 1983, vijiji 168 vilianza kuwapima watoto uzito pale pale kijijini na kujadili sababu za udhaifu wao. Mwanzo wa yote ulikuwa kukaa pamoja na kuzungumza.

Katika unyonyeshaji pia nchi yetu imesogea. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2004/05 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miezi 6, ni 41 tu waliopewa ziwa bila kitu kingine. Mwaka 2015/16 walikuwa 59. Hao hawakuongezeka wenyewe. Kila mmoja alikuwa na mama aliyekataa kikombe cha uji, na mtu wa kumuunga mkono.

Basi uwe wewe mtu huyo. Ukienda kumwona mzazi, usiende na dawa ya kumlambisha mtoto. Nenda na kuni, au ndoo ya maji, au unga wa uji wa mama. Ukikuta mtoto amecheua, usiulize, "Maziwa yako yana nini?" Uliza, "Umekula?" Halafu mchukue mtoto, mwegemeze begani kwako, umwache mama alale kidogo.

Miezi 6 ziwa tu. Baada ya hapo uji na vyakula vingine, huku ziwa likiendelea mpaka miaka 2 au zaidi. Siku hiyo ya uji itafika. Tusiiharakishe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya kucheua na kutapika?

2. Mtoto akipewa maji au uji kabla ya miezi 6, maziwa ya mama hupungua. Kwa nini?

3. Taja dalili 5 ambazo ukiziona utampeleka mtoto zahanati bila kungoja.

4. Katika kitongoji chenu, ni nani anayeamua mtoto mchanga apewe nini? Je, mtu huyo amekwisha kusoma ukurasa huu? Kama hajui kusoma, nani atamsomea?

5. Msimu wa tumbaku ukifika, mtafanya nini ili mama aliyejifungua apate siku zake 40?